Maswali ya Wasomaji: Tyubu Mpya, Pancha Ileile

Mwangaluka wasomaji. Barua za safari hii karibu zote ni za tairi na wala sishangai, mvua zimeshaanza huku Tabora na mpira ukilowa unachanika kirahisi kuliko ukiwa mkavu, kwahiyo kijipande cha chupa au kimsumari ambacho mwezi wa nane tairi lilikipita juu juu sasa hivi kinazama. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kuna mtu ameumia.

*Shikamoo fundi. Mi ni boda, kijiwe changu kiko Ipuli hapahapa mjini. Tairi la nyuma limetoboka mara tatu ndani ya siku tisa. Ya kwanza ulikuwa msumari tukautoa tukaziba, ya pili hatukuona kitu tukaziba hivyohivyo, fundi akaniambia hiyo tyubu imechoka nikanunua mpya, kesho yake usiku natoka Kwihara na mama mmoja nyuma pikipiki ikaanza kuyumba, nikashtuka nikakanyaga breki tukaenda chini. Mama kaumia mkono. Kuanzia siku hiyo nataka nijue kuziba mwenyewe na nijue kwa nini inarudi. Nianzie wapi? – Boda wa Ipuli*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Yule mama umeshaenda kumwona? Kama bado nenda leo kabla hujamaliza kusoma hapa, mkono wa mtu aliyekuamini ukambeba una uzito kuliko tyubu.

Nianze na ule usiku wenyewe maana hapo ndo roho za watu ziko. Tairi la tyubu likitoboka upepo hautoki taratibu, unakimbilia kwenye matundu ya spoku na tundu la valvu, unaweza ukaisha wote ndani ya mita chache. Ukiona nyuma inacheza kama mkia wa samaki usikanyage breki ya nyuma kwa hasira. Achia mafuta, shika usukani kwa mikono miwili bila kuukaba, iache ijipunguzie mwendo yenyewe huku umenyooka, usijaribu kukata kona kutafuta kivuli. Ukihitaji breki tumia ya gurudumu zima, yaani nyuma ikiisha upepo unagusa ya mbele kidogokidogo, mbele ikiisha unagusa ya nyuma. Alafu shuka, abiria ashuke, sukuma. Najua hesabu ya bosi inakusubiri na kijiwe kinaonekana palee, lakini ukiendesha juu ya rimu tairi linajizungusha lenyewe kwenye rimu na linaivuta tyubu, valvu inang'oka shinani, na hapo pancha ya tundu moja imeshageuka tyubu ya kutupa na labda rimu ya kunyoosha.

Sasa kwa nini inarudi. Tyubu mpya kutoboka kesho yake, mi kitu cha kwanza sitaangalia tyubu, ntaangalia tairi. We unatumia lami ya kwenda Nzega, umeona yale mabaki ya matairi ya malori yaliyopasuka pembeni? Ndani yake kuna nyuzi za chuma nyembamba kama sindano ya cherehani. Uzi mmoja ukizama kwenye tairi lako kwa nje huuoni, na kwa ndani ukipitisha kidole harakaharaka huugusi kwa sababu tairi likiwa limelegea ule uzi unarudi kwenye nyama ya mpira, we ukishajaza upepo ukakalia na abiria akapanda, tairi linabonyea pale chini na uzi unachomoza unachoma tyubu. Unaziba, unachoma tena. Miiba ya migunga nayo ina tabia hiyohiyo, kichwa kinakatikia nje ncha inabaki ndani.

Kuupata huo uzi au mwiba sio kazi ngumu ila inataka utulivu. Kabla hujalitoa tairi chukua chaki uweke alama kwenye tairi pale ilipo valvu, na ukumbuke upande upi wa tyubu ulikuwa unatazama cheni. Ukishalipata tundu la tyubu unailaza tyubu juu ya tairi valvu kwenye ile chaki, basi adui yako yuko palepale tundu lilipo, au upande wa pili wake kama umeigeuza. Kwa ndani usipitishe kidole kitupu, utachanika, pitisha pamba au kipande cha khanga kuukuu, nyuzi zake zinanasa kwenye chochote kinachochomoza. Alafu sehemu hiyo ikunje kwa mikono miwili kama unafungua embe, juani, uangalie. Ukiuona ushike na koleo uuvute kuelekea ndani, au usukumie nje. Nimewahi kutoa uzi wa chuma wa urefu wa punje ya mchele ambao ulikuwa umeshakula tyubu tatu za mtu.

Na tundu lenyewe linaongea, we lisikilize. Likiwa upande wa nje unaogusa barabara ni msumari, mwiba au huo uzi. Likiwa upande wa ndani unaogusa rimu, basi ni kichwa cha spoku kimechomoza au ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku umehama au haupo kabisa, na wengi hawaurudishi wakishautoa. Matundu mawili yamekaa sambamba kama meno ya nyoka maana yake ulipiga shimo au ukingo wa reli upepo ukiwa mdogo, rimu ikaibana tyubu, au mwenye liva, kile chuma cha kung'olea tairi, aliibana wakati wa kurudishia tairi. Na kama imechanika kwenye shina la valvu usihangaike na kiraka, nunua nyingine. Kwa hiyo siku tukikutana swali langu la kwanza kwako litakuwa hilo, matundu yako matatu yalikuwa wapi? Kama yote yako nje na umbali uleule kutoka kwenye valvu, nakuapia una uzi ndani ya tairi na umenunua tyubu bure.

Kuziba mwenyewe sasa. Tafuta ardhi ngumu tambarare, mbali na barabara, sio pale lami inapoishia ambapo basi linapita. Simamisha kwenye stendi ya kati, kwenye mchanga weka kipande cha ubao chini yake, gurudumu la mbele liwekee jiwe mbele na nyuma. Ekzosi iache ipoe, shavu la mguu la boda wengi mjini hapa lina alama ya ekzosi na nyingi walizipata wamepiga magoti wanafungua nyuma. Kama msumari unauona huna haja ya kutoa gurudumu zima, unafungua upande mmoja wa tairi unavuta tyubu pale tu palipotoboka. Kama huuoni, gurudumu litoke.

Toa upepo wote, kile kisindano cha ndani ya valvu ukitoe kabisa. Legeza nati ya valvu. Alafu kanyaga tairi pande zote mpaka liachie rimu. Hapa kuna siri ambayo ikikuingia hutapigana tena na tairi maisha yako yote, katikati ya rimu kuna bonde, sasa upande wa pili wa unapotia liva usukumie tairi ndani ya hilo bonde kwa magoti yako, ndo unapata nafasi huku. Ukiona unatumia nguvu nyingi jua kule nyuma tairi limepanda limetoka bondeni. Usitumie bisibisi. Liva ina mdomo wa mviringo, bisibisi ina makali na ndo inayotoboa tyubu mpya za watu alafu lawama anapewa muuza duka. Chukua hatua fupi fupi, upana wa vidole vitatu kila mara.

Tyubu jaza upepo izame kwenye beseni, mapovu yatakuonyesha, na ukilipata tundu la kwanza usisimame, izungushe yote maana mara nyingi yapo mawili. Ikaushe. Kwaruza na msasa eneo kubwa kidogo kuliko kiraka mpaka ule mng'ao uishe, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, usipulize kwa mdomo unatia unyevu. Paka gundi nyembamba, alafu subiri. Hapo kwenye kusubiri ndo tunapoharibu, mtu anapaka anabandika papo hapo kama anabandika stika, gundi ya pancha haifanyi kazi hivyo, inashika ikishakauka, ipe kama dakika 5, ukigusa pembeni kwa mgongo wa kidole isivute uzi. Ndo ubandike, ukandamize kutoka katikati kwenda pembeni ili upepo usibaki chini yake. Nyunyizia poda kidogo ile gundi iliyozidi isishikane na tairi.

Kurudishia: tia upepo kidogo tu kwenye tyubu ipate umbo, isiwe na mkunjo. Anzia upande wa mbali na valvu na malizia kwenye valvu, na kabla hujamalizia isukume valvu juu uirudishe ndani ya tairi ili tyubu ikae mbali na mdomo wa liva. Angalia mshale ubavuni mwa tairi uelekee linakozunguka. Zunguka tairi lote pande mbili ukilibonyeza kwa dole gumba, ukiona hata unyasi wa tyubu umebanwa kati ya tairi na rimu toa rudia. Jaza, alafu shusha upepo wote, alafu jaza tena, hapo mikunjo iliyojificha inajinyoosha. Ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi ukae sawa na ukingo wa rimu mzunguko mzima. Ukijaza kwa kompresa ya malori usiinamishe uso juu yake, na tumia geji. Kupiga teke sio kupima. Boxer nyingi na zinazofanana nazo zinataka kama PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako na 32 ukiwa na abiria, ila pikipiki yako ina kibandiko au kitabu, kifuate hicho, na pima asubuhi tairi likiwa la baridi.

Nimekuja sasa kwenye kitu kilichonifanya nikuandikie kirefu hivi. Ukitoa gurudumu la nyuma kuna chuma kimefungwa kwa boliti kwenye bamba la breki, kazi yake ni kulizuia lile bamba lisizunguke na gurudumu. Miaka hiyo nikiwa kijana wa karakana niliziba pancha jioni, mteja ana haraka, nikafunga ekseli nikafunga cheni, ile boliti nikaisahau kwenye kopo. Nikatoka kuijaribu. Nilipogusa breki ya kwanza bamba likazunguka, fimbo ya breki ikajikunja, gurudumu likakaba hapohapo. Nilikuwa peke yangu namshukuru Mungu, goti la kushoto mpaka leo kukiwa na baridi naliskia. Fikiria yule mteja angekuwa na mke na mtoto nyuma. Tangu siku hiyo kila kinachofunguka nakipanga chini kwenye kitambaa kwa mpangilio kilivyotoka, na kitambaa kisipobaki kitupu siwashi pikipiki.

Kwahiyo kabla ya kupakia mtu: hiyo boliti na pini yake, nati ya ekseli imekazwa na kama ina pini ya kufuli iwekwe mpya, cheni ina ulegevu kama sentimita 2 mpaka 3 ukiipandisha kwa kidole katikati, alama za marekebisho kulia na kushoto ziko sawa la sivyo gurudumu linakaa upande. Zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga breki mara kadhaa mpaka usikie inashika kama zamani. Zunguka kijiweni ukiwa peke yako. Kesho yake asubuhi rudi na spana uipitie nati tena.

*Habari fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Sikonge na shule ninayofundisha iko ndani huko, karibu saa nzima ya njia ya vumbi. Pikipiki yangu ina rimu za kumwaga bila spoku, wanasema ni tyubulesi. Njiani hakuna fundi. Nibebe nini? – Mwalimu, Sikonge*

Salama dada. Kwanza hakikisha kweli ni tyubulesi, yaani tairi lisilotumia tyubu ndani, rimu kukosa spoku sio ushahidi, pikipiki nyingi tu zina rimu za hivyo na ndani zina tyubu. Soma ubavuni mwa tairi, limeandikwa TUBELESS au TUBE TYPE. Ukikuta imeandikwa tubeless muulize pia aliyekuuzia kama hawajatia tyubu baadaye, kwa sababu inafanyika sana rimu ikishapinda.

Kama ni tyubulesi yenyewe una afueni kubwa. Msumari ukiingia mara nyingi unabaki umeziba tundu lake na upepo unatoka polepole. Usiung'oe! Watu wakiuona mkono unawawasha. Jaza upepo na pampu ya mkono uendelee taratibu mpaka penye watu. Ukiona unaisha haraka ndo unatumia ile kamba ya mpira yenye gundi, ng'oa msumari ukiangalia umeingia kwa pembe gani, pitisha ile keekee ya mkono tunduni kwa pembe hiyohiyo, chomeka kamba ibaki kama sentimita moja nje, kata. Hiyo ni ya kwenye kanyagio la tairi tu, pale panapogusa barabara, ubavuni hapazibwi, ubavu unakunjika kila mzunguko na kamba itatoka ukiwa mwendoni.

Begi lako liwe na pampu, geji, hizo kamba, koleo, tochi ya kuvaa kichwani na chupa ya maji yenye sabuni kidogo ya kutafutia tundu. Kama kumbe ni ya tyubu ongeza tyubu moja nzima ya saizi yako, njiani kubadilisha ni haraka kuliko kubandika. Na dada yangu, jua likianza kuzama na uko peke yako porini acha kuziba, piga simu kwa mtu, sukuma pikipiki mpaka nyumba ya kwanza yenye watu ulale na amani. Pikipiki itazibwa kesho.

*Fundi pancha wa kwetu anafuta tyubu kwa petroli, alafu anabana kiraka na pistoni kuukuu anamwagia mafuta ndani anawasha moto. Sigara iko mdomoni. Hii ni sawa kweli? – Msomaji, Urambo*

Kiraka cha moto chenyewe hakina kosa, ni elimu ya zamani, Charles Goodyear wa Marekani alipata hataza mwaka 1844 ya kupika mpira pamoja na salfa kwa joto ukawa imara, na kile kiraka kikipikwa vizuri kinashikana na tyubu kuwa mwili mmoja. Tatizo ni hayo mengine. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki juu, unatambaa chini mpaka ukutane na moto wa pistoni au hiyo sigara alafu unarudi kwenye chupa aliyoishika. Na kibaya zaidi ni kuongeza mafuta kwenye pistoni ambayo bado ina joto akidhani imezimika, mchana moto wa petroli kidogo juani hauonekani vizuri. Petroli pia inauvimbisha mpira, kwahiyo hata kwa ubora wa kazi msasa unatosha.

Mwambie kwa upole, sio mbele ya wateja. Chupa ya mafuta ikae mbali na yenye kifuniko, ndoo ya mchanga iwe karibu, na kibano kisifunguliwe mpaka pistoni ipoe kabisa. Joto likizidi tyubu inakauka pembeni mwa kiraka na ndo utaona inapasuka mstari wa duara kuzunguka kiraka kizima.

*Nina pikipiki tatu nimewapa vijana kwa hesabu. Wakipata pancha wanaendesha hivyohivyo mpaka kijiweni, rimu mbili zimeshapinda. Nawaambia pancha ni juu yao lakini hawabadiliki. Nifanyeje? – Mama mwenye pikipiki, Isevya*

Shikamoo mama. Ntakwambia ninavyoona mimi na usinichukulie vibaya, hao vijana hawabadiliki kwa sababu pancha ni juu yao. Kijana akijua kila tundu linatoka mfukoni mwake na jioni hesabu ni ileile, atasukuma saa nzima ya nini? Ataendesha juu ya rimu kwa sababu rimu ni yako. Geuza. Tairi, tyubu na pancha zibebe wewe, rimu iliyopindishwa kwa kuendeshwa bila upepo aibebe yeye, na mkubaliane hivyo mbele ya mtu wa tatu. Siku ya pancha mpunguzie hesabu kwa muda aliopoteza.

Alafu we ndo mwenye uamuzi wa lini tairi libadilishwe, na tairi lililoisha linatoboka mara nyingi kuliko zima kwa sababu nyama imebaki kidogo. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, kanyagio likishalingana navyo tairi limekwisha hata kama kijana anasema linafika mwezi wa tatu. Angalia pia ubavuni, kuna namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT, mfano 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Dukani ukiuziwa "jipya" lenye miaka mingi namna hiyo liache, hata kama linang'aa. Na ile inayobeba magunia ya mkaa asubuhi alafu abiria mchana, tairi lake la nyuma likague kila Jumapili, anza na hiyo kesho.